Barza njo inakufaka ya kwanza

Posho (wiki) yenye ilipita nilikuwa Katuba, komine moja ya Lubumbashi, saa ine ya asubuyi, nimesimama kwenye avenyu moja nangoya muntu, nikaona kijana mumoja na marto na burini anabomoa barza, ile veranda ya mbele ya nyumba. Hakuwa na haraka hata kidogo. Anachomoa brike moja, anaipigapiga mpaka ile udongo ya kushikisha inatoka yote, anaiweka kwenye kilundo, anarudia kuchukua ingine. Nikamuuliza juu ya nini haivunje tu yote mara moja aende zake. Akacheka. "Yaya, brike ya bazee haivunjwake hivyo, hii hata ukiitupa chini haipasuke, bantu banakuya kuinunua hapa hapa." Nyuma yake kulikuwa nyumba ya byumba mbili na salon, bati imeshika kutu, mulango ya mbao yenye walipaka rangi ya kijani sijui mara ngapi juu unaona rangi ingine tatu chini yake pale inabambuka. Na mbele, pale barza ilikuwa, udongo mwekundu tu, na kamba ya fundi imevutwa mpaka karibu na mufereji ya barabara. Pale njo ukuta utapita, na ndani ya ukuta magazini mbili za kupangisha.

Hii makala ninaiandika juu ya ile kamba.

Juu kila mara tukianza kuongea habari ya kuchunga majengo ya zamani hapa Lubumbashi, mazungumuzo inaenda mbio kule katikati ya muji. Teatre, katedrali ya Mutakatifu Petro na Paulo, gare, miuze, na kama muntu iko na mapendo ya muji zaidi ataongeza shemine ya kiwanda ya shaba na mulima ya skori, ile takataka ya kuyeyusha shaba, zenye ziko kwenye kila picha na kila pagne. Sawa, mi sina ubishi na ile. Lakini ile majengo iko na benyewe. Teatre yenye Claude Strebelle na benzake balijenga kwenye miaka ya 1950, leo tunaiita Bâtiment du 30 Juin, imeikalisha badeputé kuanzia wakati Tshombe alitenga Katanga na Kongo, nani atakuya kuibomoa kesho asubuyi bila muji mzima kusikia? Hakuna. Lakini nyumba ya Katuba, ya Kenya, ya Kamalondo, ya Ruashi, ile ya kambi ya Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, inaenda moja moja, siku ya kazi, bila kelele, na hakuna muntu anapiga picha. Ukikosa kupita ile avenyu miezi sita, ukirudi unapotea.

Sasa kuna swali yenye inakuya kila mara, na ni swali ya kweli, siwezi kuiruka. Bijana bananiulizaka: we yaya, unalilia nyumba ya ukoloni? Basi turudie kidogo nyuma. Muji huu ulianzishwa mwaka 1910, reli ikifika kutoka Rhodesia mwaka huo huo, Union Minière, ile kampuni ya shaba ya Babeleji yenye leo ni Gécamines, ilikuwa imeshazaliwa 1906, na 1911 shaba ya kwanza ikamwagika kwenye kiwanda yake ya hapa. Balichora avenyu kama karatasi ya mahesabu, kwa bazungu. Bantu beusi bakawekwa pembeni, na 1921 bakahamishwa kule yenye leo ni Kamalondo, ikiitwa Cité Albert, na katikati ya bazungu na beusi bakaacha pori tupu, zone neutre, mamia ya mita, eti kwa afya, eti mbu yenye imeuma mutu mweusi isifike kuuma muzungu. Mbu! Hiyo njo ramani yenye tuko tunatembea juu yake mpaka leo, hata kama ile pori imekwisha kujaa zamani.

Na kambi za batumikaji, usidhani zilijengwa kwa huruma. Union Minière ilichoka kutafuta batumikaji kila mwaka mbali mbali, wengine bakikimbia, wengine bakifa, njo kwenye miaka ya 1920 ikibadilisha mawazo: mutumikaji akuye na bibi, akuye na batoto, apewe nyumba, apewe chakula, akae. Nyumba zote mufano moja, kwenye mistari, ili kiongozi wa kambi asimame kwenye kona moja aone mustari wote. Mpaka leo siye tunaitaka wiki "posho", juu chakula ya kambi ilikuwa inagawanywa kwa wiki. Luga imechunga kambi kuliko matofali.

Kwa hiyo ndiyo, nyumba za kutawaliwa. Mi sikatai. Kambi ilijengwa ili tuonekane. Ile sitaificha ili makala yangu iwe tamu.

Lakini sasa ingia Katuba na uulize nani alijenga. Pale hadisi inakuwa ingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mukubwa mumoja wa utawala, Ferdinand Grévisse, alianzisha mupango yenye mpaka leo banaitaka kwa jina yake: mutu mweusi anapewa kiwanja, anapewa mukopo, anapewa plan na msaada wa kufuatilia kazi, halafu anajenga mwenyewe, na anarudisha deni polepole. Nkambo (babu) wangu alijenga hivyo. Alikuwa anatumika kwenye reli, akitoka kazi anaenda kwenye lupangu (kiwanja yake) kuinua ukuta na taa ya petroli, na nkambo mwanamuke anabeba maji. Nilisikia hii habari mara mia, kila kilio, kila ndoa, na kila mara idadi ya ndoo za maji inaongezeka. Deni alilipa. Ile nyumba, plan ilitoka kwa muzungu, lakini jasho, usiku, na ile feza ya kila mwezi, yalikuwa ya nani? Kule Ruashi nako, Office des Cités Africaines, ile OCA ya 1952, ofisi ya ukoloni ya kujenga nyumba, ilijenga nyumba zake kwa mistari, lakini ukipita leo hutaona mbili zenye kufanana, kila jamaa imeongeza yake, kidirisha hapa, ua pale, klostra, ile matofali ya matundu, yenye fundi alijichorea mwenyewe kama maua.

Na barza. Hii neno inanifurahishaka sana. Ni Kiswahili, baraza, kule pwani ni kile kibao cha mawe nje ya mulango, Zanzibar na Lamu, pale bazee banakaa mangaribi. Bazungu ba hapa baliichukua, bakaikata, bakaifanya "barza" kwenye Kifaransa yabo ya Kongo, bakaikalia jioni na vinywaji. Halafu siye tukaichukua tena kwabo, imekatwa vile vile. Imeenda ikarudi. Kwa hiyo mutu asiniambie barza ni kintu ya muzungu.

Sasa barza inafanya kazi gani, tuachane na mapenzi. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, kwa hiyo siye tuko na bintu mbili pamoja: jua kali ya mwezi wa kumi yenye inapasua kichwa, na baridi ya mwezi wa sita yenye inafanya batoto kuvaa kofia ya manyoya. Halafu mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu ama wa ine, mvua ya kupiga ukuta kwa pembeni. Nyumba ya zamani inajua yote hii. Paa inatoka mbele kabisa, ukuta haulowi. Chini kuna musingi umeinuliwa, maji ya mufereji haiingie. Karibu na paa kuna matundu, hewa moto inatoka yenyewe. Na barza inakata jua mbele haijafika kwa ukuta ya salon. Courant (umeme) ikienda, na inaenda, unajua inaenda, ile nyumba inakaa baridi. Ingia sasa kwenye hizi nyumba mupya za vioo na alu, paa imefichwa nyuma ya ukuta mufupi ili ionekane kama ya Dubai, hakuna kivuli hata ya kuku kusimama, saa saba ya mchana bila ventilateri unakuwa kama mukate kwenye furu. Na mvua ya kwanza tu, pale paa inafichwa, maji inaingia, dari inafanya ramani ya Afrika. Tumelipa feza mingi ili nyumba iwe bubu zaidi kuliko ya nkambo.

Ni pale pia batoto banachungwa. Mama anapepeta mihogo kwenye barza, jicho moja kwa kinu, jicho moja kwa barabara, mutoto wa jirani akipita na mutu asiyejulikana, mama anauliza. Kilio kikifika, biti vinapangwa kwenye barza. Bibi-harusi anatokea kwenye barza. Muzee wangu mudogo alisomea kwenye barza, chini ya taa ya barabara, wakati taa ya barabara ilikuwa inawaka (bijana ba leo banadhani ni hadisi ya sungura). Hiyo mita mbili kati ya mulango na njia njo ilikuwa inafanya kartiye kuwa kartiye. Ukiondoa ile, unabaki na nyumba nyingi zenye ziko karibu karibu tu.

Haya, nani anaua?

Jibu ya haraka ni: batajiri. Na kuko kweli kidogo. Tangu code minier (sheria ya migodi) ya 2002 feza ya migodi iliingia kwa kasi, bantu bakatafuta pa kuiweka, bakaiweka kwenye kiwanja. Kule muji, villa ya zamani yenye jakaranda mbili mbele inanunuliwa, posho moja haiko, mwaka moja etaje (gorofa) ine. Mwaka uliofuata, 2003, Gécamines ikaachisha kazi batumikaji zaidi ya elfu kumi kwa ile mupango ya "départs volontaires" (eti kuacha kazi kwa kupenda) yenye Banki ya Dunia ilisimamia, na mutumikaji yenye alikuwa na nyumba ya kambi lakini hana mushahara, afanye nini? Aliuza ama alikata. Hii yote ni kweli.

Lakini mi niko nasema, kwenye cité, kule kartiye za zamani za bantu beusi, muuaji mukubwa ni reunion ya familia. Ile ya kisha kilio. Nimekaa kwenye nyingi sana, najua vile inaendaka. Code de la famille (sheria ya jamaa) ya 1987 inaweka batoto mbele, sehemu kubwa ya urithi ni yabo, na bote ni sawa, mwanamuke na mwanaume, mwenye alizaliwa ndani ya ndoa na mwenye alitambuliwa kutoka inje. Ni sheria nzuri! Sitaki mutu aseme nataka kurudi zamani yenye bajomba balikuya na kamioneti kubeba mpaka masufuria. Lakini sheria nzuri ikikutana na nyumba moja ya byumba mbili na batoto nane, inazaa nini? Inazaa kamba ya fundi. Hakuna mwenye iko na feza ya kununua sehemu ya bandugu saba, kwa hiyo ama banauza yote, ama banakata lupangu. Na wakikata, sehemu yenye kuwa na feza ni ya mbele, ya barabara, juu pale njo utaweka magazini, farmasi, kiosko ya kutuma feza. Kwa hiyo barza njo inakufaka ya kwanza. Halafu muti ya maembe. Halafu nyumba inabaki nyuma, imefungiwa, inaingia kwa njia ya mita moja kati ya kuta mbili, kama imewekwa jela kwa kosa ya kuzeeka.

Na ukuta. Hii tuiongelee peke yake kidogo. Bazee banasemaka zamani lupangu ilikuwa na ua ya majani, ile inakatwa na makasi, unaona jirani mpaka kifua, munasalimiana. Kisha ile pillage (kupora mali) ya 1991 bantu balianza kujifunga, na kila mwaka wezi banafanya ukuta inapanda: mita moja na nusu, mbili, mbili na nusu, chupa zimevunjwa juu, sasa wire. Siwezi kucheka mutu mwenye aliibiwa. Lakini angalia avenyu nzima imefungwa kuta pande mbili: mwizi akiwa ndani ya barabara, hakuna jicho hata moja inamuona. Barza ishirini zilikuwa zinamuona. Tumejenga ukuta juu ya woga na ukuta umeongeza woga.

Kwa upande wa sheria hatuko bila kintu. Ordonnance-loi ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inachunga mali ya utamaduni. Dekre ya urbanisme (kupanga muji) ya 1957 ilibaki na kazi miaka mingi. Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali na mutu iko na haki ya kuutumia tu, kwa hiyo Serikali ingeweza kuweka masharti mengi sana kama ingetaka. Shida ni kwamba ile ya 1971 inafikiria kintu kimoja kimoja: sanamu hii, jengo hii. Haina macho ya kuona avenyu. Na nyumba ya Katuba, ukiiangalia peke yake, haina kintu. Ni nyumba. Uzuri iko kwenye kumi na mbili zenye kufuatana, na bivuli byake, na ile mita mbili.

Bantu bananiambiaka: angalia Asmara kule Eritrea, UNESCO iliiandika 2017, muji wote wa Waitaliano, na beusi njo benye bameuchunga kuliko bazungu. Kweli. Angalia Zanzibar, Mji Mkongwe, tangu 2000. Kweli pia. Lakini kule Zanzibar Beit al-Ajaib, jengo lenye jina kubwa kuliko yote, sehemu yake ilianguka tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2020, na jina la UNESCO lilikuwa pale pale. Kwa hiyo sitaki kungoya UNESCO. Itafika Katuba lini?

Mi ningeanza chini zaidi. Achana na fasadi, achana na rangi, mutu apake yenye anataka, hata ile ya pinki. Achana na kukataza etaje. Muji uchague avenyu chache tu, kumi zinatosha kwa kuanza, Kamalondo ine, Katuba ine, mbili za kambi, na useme bintu mbili. Moja: ile mita za mbele haijengwe, kamba ya fundi isipite barza. Mbili: ukuta wa barabara, kuanzia kifua kwenda juu, uwe wa kuona, klostra ama feri. Kwisha. Mwenye anataka kuongeza byumba ajenge nyuma, kule boyeri (nyumba ya boyi) ilikuwa ama pale kunaanikwa manguo, aende juu kama iko na feza. Na mwenye anakubali, muji umupunguzie taxe ya nyumba, kidogo hata, juu mutu hawezi kuchunga kivuli cha bantu bote na mufuko yake peke yake. Na mbele ya yote, bale banafunzi ba arshitektire bapewe metro na makaratasi, bapime kila mufano wa nyumba mbele haijaisha. Tuko na bantu ba kufanya, muji huu umezaa bapiga picha na basani benye dunia inabajua, kuna Biennale, ile maonyesho kubwa ya sanaa, hapa tangu 2008. Lakini picha ya nyumba yenye imekufa haikatake jua.

Najua mutu fulani atasoma hii na kusema: unaongea sababu umeshiba. Mama mujane mwenye anapangisha magazini mbili mbele ya lupangu, ile njo minerval (feza ya masomo) ya batoto, njo dawa. Utaenda kumuambia abomoe arudishe barza? Hapana. Siwezi, na sitajaribu. Hapa njo hoja yangu inachechemea na ninaiacha ichechemee. Ningetaka tu ile magazini ingekuwa na barza yabo pia, juu hata mununuzi anahitaji kivuli. Kuna moja kule Kenya imefanya vile, muzee alifungua ukuta ya salon yake akafanya buthiki, barza akaiacha, bateja banaikala pale na sukari ya feza kidogo mukononi, banaongea mpaka usiku. Inauza kuliko jirani zake. Sijui kama ni juu ya barza ama juu ya muzee mwenyewe, anaongeaka sana.

Nirudie kwetu. Mutu nilikuwa nangoya ile asubuyi Katuba alikuwa mununuzi. Ndiyo, ile nyumba ya nkambo. Tuko sita, yaya wangu mukubwa iko Kolwezi, mwingine Ndola, na tangu mama akufe mwaka uliopita reunion imefanyika tano. Tulikubaliana kuuza mbele tu, nyumba ibaki. Nilisaini miye pia, sitajifanya. Alifika amechelewa, muntu ya heshima, akavua kofia, akatembea kwenye lupangu akihesabu hatua. Akapanda kwenye barza, akaikala kidogo kwenye ile kiti ya mbao ya nkambo juu jua ilikuwa imeshaanza kuwa kali, akapanguza jasho, akaomba maji. Akakunywa, akaangalia barabara muda murefu. Halafu akauliza: "Sasa hii barza, mutabomoa banyewe mbele ya kunipa, ama nikuye na kijana wangu?"